Ganda lile lile, feni kubwa zaidi

Safari ya gari kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni ya kupanda, ingawa dereva akifika hakumbuki mlima hata mmoja uliomtesa. Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, kisha miombo isiyokwisha. Anapoingia mjini yuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu ya ule wa pwani kwa asilimia 13 hivi. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Dereva hulihisi pengo hilo mguuni anapotaka kulipita lori la tumbaku.

Tabo ina historia ndefu na nyanda za juu. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni moja, na feni hiyo, kwa shafti moja, inazungusha ya pili inayosukuma hewa kuingia kwenye injini. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, karibu mita 4,300. Injini ile iliyokuwa na nguvu za farasi 350 kule chini ilibaki na 230 kileleni. Ilipofungwa tabo ilitoa 356. Mkazi wa Tabora anayependa gari lenye tabo, basi, ana hoja nzito ya kifizikia, hata kama majirani wanaona mbwembwe.

Makala haya ni ya yule ambaye tayari analo: Subaru Forester, Impreza WRX, Toyota Caldina GT-T, au Starlet Glanza ndogo yenye injini ya lita 1.3 na nguvu za farasi 135. Gari limekuja kutoka Japani likiwa limetumika, linakwenda vizuri, na sasa moyo unataka zaidi. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kufunga tabo kubwa ya aina nyingine kabisa, yenye manifoldi mpya, mabomba ya kuchomelewa na mipira ya kuunganishwa upya. Ya pili ni kubakiza ganda la kiwandani, au ganda linalofanana nalo kwa tundu na bolti, na kuongeza ukubwa wa feni zilizomo ndani.

Kwa Tabora, na kwa mji wowote katika njia hii ya kwenda Kigoma, mimi nasimama na njia ya pili bila kusita.

Chukua Forester ya kizazi cha pili yenye injini ya lita 2.0 na nguvu za farasi 220. Tabo yake ni TD04 ya Mitsubishi. Ni ndogo, inaamka mapema, na mjini ni raha tupu. Sahani yake ya kuunganishia ina bolti tatu, na sahani hiyo hiyo inapokea tabo za IHI za jamii ya VF zilizofungwa kwenye Impreza STI, pamoja na TD05 yenye feni ya 16G iliyotengenezwa kwa umbo la Subaru. Mabomba makubwa yanabaki pale yalipo, intakula (kipoza hewa iliyobanwa) inabaki juu ya injini, na fundi hahitaji kuchomelea kitu. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba ikiharibika unaweza kurudisha ile ya zamani siku hiyo hiyo ukaendelea na maisha, wala hutalazimika kungoja bomba la kipekee lisafirishwe kutoka Dar.

Hesabu ya mwinuko inafaa kueleweka vizuri, maana hapa ndipo tabo ndogo nyingi zinapofia. Tuseme fundi amepandisha presha hadi baa 1 juu ya hewa ya nje. Pwani, feni inabana hewa hadi mara 2 ya ilivyokuwa. Tabora, ili kufikia kipimo kile kile kwenye geji, inabidi ibane zaidi ya mara 2.1, kwa sababu hewa inayoanza nayo ni nyepesi. Feni lazima izunguke kasi zaidi, na hizi ni shafti ambazo tayari zinapita mizunguko 100,000 kwa dakika. Joto nalo linapanda. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi ikibanwa hivyo na feni ya ufanisi wa asilimia 70 inatoka ikiwa na nyuzi 130 na zaidi kabla ya kufika kwenye intakula. Mwezi wa Oktoba, gari likitambaa nyuma ya foleni, intakula iliyolala juu ya injini ya moto haina upepo wa kuipoza. TD04 iliyolazimishwa kufika huko inapasha hewa kuliko inavyoijaza. Feni pana kidogo inafanya kazi ile ile bila kukimbizwa hadi mwisho wa uwezo wake, na hewa inatoka na joto pungufu.

Suala la mzigo si geni huku: njia ya zamani ya misafara kutoka pwani ilikuwa na kipimo chake. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba karibu frasila 2, yaani kilo 30 na ushee, kutoka Bagamoyo hadi huku na pengine mpaka Ujiji. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba. Misafara ilisimama hapa kupanga mizigo upya na kutafuta wapagazi wapya kabla ya kuendelea magharibi. Mpagazi mzoefu alijua uzito anaoweza kuubeba kwa miezi, na huo ulikuwa tofauti kabisa na uzito anaoweza kuuinua mara moja. Injini ya lita 2.0 iliyokwisha kutembea Japani miaka 15 iko katika hali hiyo hiyo. Inaweza kutoa nguvu nyingi jioni moja. Swali ni kama itazitoa mwakani.

Katriji, yaani kile kiini chenye shafti na beringi, ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu ananunua feni kubwa peke yake, fundi anafungua katriji mezani, anabadilisha, anafunga. Lakini feni na shafti husawazishwa pamoja kwenye mashine maalumu, na kosa la uzito mdogo sana, kwa mizunguko zaidi ya laki moja, linatosha kula beringi. Kama mashine hiyo haipo karibu, nunua katriji nzima iliyokwisha kusawazishwa. Natamani sana kuiona mashine ya namna hiyo katika vyuo vya VETA vya kanda hii. Malori na mabasi mengi ya dizeli yanayopita hapa yana tabo, na kijana anayejua kuisawazisha hatakosa kazi.

Halafu oili. Injini nyingi za Subaru zenye tabo zina kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Kikiziba kwa uchafu, tabo inakauka na kufa, na mwenye gari anamlaumu aliyemuuzia. Kitoe, kisafishe au kibadilishe kabla ya kufunga tabo mpya. Vumbi la barabara za pembeni, zile za kuingia vijiji vya tumbaku na asali, linahitaji filta ya hewa iliyofunikwa vizuri. Vile vikoni vya wazi vinavyopiga mluzi mzuri si vya huku: mchanga mwembamba hula kingo za feni kama msasa.

Petroli ina neno lake pia. Magari haya yalipimwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, yenye okteni inayokaribia 100, na ile ya kawaida kwenye pampu zetu iko chini ya hapo. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta na kurudisha nyuma kidogo muda wa cheche, injini inaanza kugonga, na kugonga huko kunavunja pistoni kimyakimya. Injekta kubwa zaidi, pampu ya mafuta yenye nguvu na kontroli boksi iliyopangwa upya ni sehemu ya bei ya tabo. Asiye na fedha za hivyo vitatu asubiri.

Kwa anayeona nguvu za farasi 280 au 300 ni kidogo, kuna ushahidi wa karibu. Kuanzia 1995 magari ya mashindano ya rali ya dunia yalifungwa pete ya milimita 34 kwenye mdomo wa tabo, na nguvu zake zikawa karibu farasi 300. Kwa pete hiyo Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akaishinda kwa Impreza nyingine mwaka 2000. Kilichowafikisha mwisho wa mawe na vumbi ni sasipensheni, breki, upoezaji na injini isiyokufa njiani. Breki za Forester ya 220 hazikukusudiwa kusimamisha gari la 300 mbele ya ng'ombe waliojitokeza ghafla barabarani Urambo, na hizo zibadilishwe kabla ya tabo kuguswa.

Siku ya kufunga, jaza oili kwenye tundu la tabo kwa mkono, kisha zungusha injini kwa stata bila cheche mpaka taa ya oili izime. Iache ingurume taratibu dakika chache, kagua kila bolti ikiwa ya moto na tena ikipoa. Endesha kwa upole wiki ya kwanza, badilisha oili mapema, na kila baada ya mbio ndefu usizime hapo hapo; iache dakika moja au mbili ishuke joto. Ukiona moshi wa bluu unapoachia mguu, vua bomba la kuingizia hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole uitikise. Ikigusa ukuta wa ganda, gari lisitoke nje ya mji.