"Taa imeungua": kuungua, kuyeyuka na kulegea katika ufundi wa taa za gari

Sentensi "taa imeungua" ina maneno mawili tu, lakini katika gereji za Mtwara huweza kutaja hitilafu tatu zisizofanana. Huenda uzi ulio ndani ya globu umekatika. Huenda soketi inayoishika globu kwa nyuma imeyeyuka. Au huenda waya unaoingia katika soketi hiyo umekakamaa, na shaba yake imegeuka nyeusi. Mwenye gari hutumia kitenzi kimoja kwa yote, na muuza vipuri humpa globu mpya, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa kila siku. Ikiwa kasoro imo katika soketi au waya, globu hiyo itawaka kwa siku chache, kisha kiza kitarudi, pengine gari likiwa katikati ya barabara ya Lindi usiku. Mfasiri wa kitabu cha mwongozo wa gari asiyeangalia jambo hili humwongoza msomaji wake kwenye duka lile lile.

Kitenzi "ungua" hakisemi uharibifu umefika wapi. Wali ulioungua chini ya sufuria, sehemu yake ya juu huliwa. Aliyeungua mkono bado ana mkono. Nyumba iliyoungua huenda imebaki majivu. Kinachotajwa ni kwamba moto au joto limegusa kitu hata kikadhurika. Kiasi cha dhara huachiwa muktadha. Kwa globu, kitenzi hiki kimepata maana finyu ya "kutofanya kazi tena", ijapokuwa ndani ya globu hakuna moto: uzi wa tungsteni umezungukwa na gesi isiyo na oksijeni, nao hupungua unene kidogo kidogo mpaka ukakatika. Matumizi hayo yamekwisha kuota mizizi, wala sioni sababu ya kuyapiga vita. Yanayotakiwa katika maandishi ya ufundi ni kutaja sehemu yenyewe: "uzi wa globu umekatika", "soketi imeungua". Minyambuliko nayo ina faida zake. "Soketi imeungua" hueleza hali. "Globu ya wati 100 imeiunguza soketi" humtaja mtenda. Na "dereva ameunguliwa soketi" humweka mbele mwenye hasara, kama tusemavyo jirani ameunguliwa nyumba.

Jina "soketi" lahitaji uangalifu. Nyumbani, soketi aghalabu ni ile ya ukutani inayochomekwa pasi au redio, na kinachoshika globu huitwa holda. Kwenye gari, wengi husema soketi kwa kile kipande kidogo cha plastiki kinachosukumwa juu ya miguu mitatu ya globu, na wengine husema holda. Yote mawili ni sahihi maadamu mwandishi ameshika moja na kudumu nalo. "Plagi" ndilo la kuepukwa hapa, kwa kuwa kwa fundi wa magari neno hilo ni la kifaa kinachotoa cheche katika injini.

Tuje kwenye chanzo, maana ndipo penye kitenzi kinachosahaulika: "legea". Ndani ya soketi mna vibano vya shaba nyeupe vinavyoishika miguu ya globu kwa kuibana. Miaka ya mtikisiko wa barabara huvilegeza. Pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, upepo wa bahari huongeza chumvi na unyevu, na shaba hupata utando wa kijani au mweusi ambao watu huuita kutu, ingawa kutu hasa ni ya chuma. Mguso uliolegea au kutandwa huwa na ukinzani mkubwa, na ukinzani hugeuza umeme kuwa joto pale pale.

Hesabu yake ni fupi. Globu ya kawaida ya aina ya H4 ina nyuzi mbili: ya fulu, wati 60, na ya dimu, wati 55. Dimu kwa volti 12 huvuta takriban ampea 4.6. Ukinzani wa mguso ukifika sehemu moja ya kumi ya omu, joto linalozaliwa hapo ni kama wati 2, katika nafasi isiyozidi ukucha wa kidole. Sasa mwenye gari, kwa kuona taa zake zimefifia, ananunua globu ya wati 100 ili aone vyema. Mkondo wa fulu unapanda hadi ampea 8.3, na joto katika mguso ule ule linakaribia wati 7, kwa kuwa joto hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo. Joto nalo huzidi kulegeza vibano, na ukinzani unapanda tena. Globu yenye nguvu imeongezwa juu ya soketi mgonjwa.

Kwa sababu hiyo neno "shoti" halifai hapa, ingawa ndilo linalokimbiliwa kila penye harufu ya plastiki. Shoti ni umeme kupata njia ya mkato yenye ukinzani mdogo mno. Mkondo hufurika na fyuzi hukatika. Katika soketi iliyolegea mambo ni kinyume: ukinzani umezidi, mkondo haukuongezeka, na fyuzi inakaa kimya huku plastiki ikiyeyuka. Anayeandika "shoti" humfanya fundi atafute waya uliochubuka, asiuone.

Vitenzi vya uharibifu wenyewe hufuata maada. Plastiki laini huyeyuka. Soketi ya kauri, au ya plastiki ngumu isiyolainika kwa joto, haiyeyuki, hupasuka. Ganda la waya hubabuka kwa juu, kama ngozi, kisha hukakamaa hata likavunjika ukilipinda. Uzi wa shaba nyekundu ulio ndani hupoteza mng'aro na kuwa mweusi. Kukakamaa ndiko dalili ninayoipenda zaidi katika maelezo ya wanafunzi, kwa sababu kidole huitambua kabla ya jicho.

Katika matengenezo, "kukaza" na "kubadilisha" havikai mahali pamoja. Vibano vilivyokwisha kupata moto hupoteza ule mnyumbuko wa kurudi na kubana. Ukivikaza kwa koleo vitashika kwa muda tu. Soketi hubadilishwa, na waya hukatwa nyuma mpaka shaba inayong'aa ionekane. Globu ambayo miguu yake imekuwa myeusi hubadilishwa pia, la sivyo itaiharibu soketi mpya. Kuunganisha waya kwa risasi inayoyeyushwa ni "kulehemu". "Kuchomelea" ni kuunganisha chuma kwa chuma, kama geti la dirisha, na mwongozo unaosema waya zichomelewe unachekesha.

Kosa moja la tafsiri lina madhara makubwa kuliko hayo. Kiingereza hutumia jina la ardhi kwa njia ya kurudishia umeme, lakini gari limesimama juu ya mpira na umeme wake haurudi ardhini. Hurudi kwenye ncha hasi ya betri kupitia bodi. Mafundi husema "bodi", nao wako sawa. Hata hivyo mguu wa pamoja wa globu hauendi kwenye bodi katika kila gari. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 mguu huo hupokea chanya, na swichi hukata na kuunga upande wa hasi. Anayesoma "unganisha waya wa pamoja na bodi" na kutii, akiwasha taa hupata ile shoti ya kweli. Mwongozo useme tu: toa ncha hasi ya betri kwanza, kisha hamisha waya mmoja mmoja kutoka soketi ya zamani hadi ile mpya, kila mmoja mahali pake.

Mwalimu anayetaka zoezi la darasani aanze na "taa ya kulia imeungua", awatake wanafunzi waiandike upya kama ripoti ya fundi. Jibu zuri ni hili: "Mguso wa dimu, taa ya kulia, ulilegea, soketi imeyeyuka upande mmoja, waya umekakamaa sentimita tano, fyuzi nzima, uzi wa globu haujakatika, ila mguu wake mmoja ni mweusi."