Kambo Alifika Huku Mwaka Gani? Namna ya Kuanza Historia ya Jamaa Yako

Lubumbashi ni mji wa watu waliofika. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika hapa na Bourse du Travail du Katanga ikaundwa ili kutafutia migodi wafanyakazi. Ukiwaacha wenyeji wa ardhi hii, kama Walamba, kila jamaa ina mtu wake wa kwanza aliyeshuka hapa na mzigo wake: kutoka Lomami, Kasai, Luapula, Rhodesia ya Kaskazini au Ruanda-Urundi. Mara nyingi mtu huyo yuko vizazi vitatu au vinne tu nyuma yetu, na bado wapo wazee waliokula naye sahani moja. Ndiyo maana kazi hii inaanza kwao. Karatasi zitafuata.

Usiende kwa mzee na karatasi ya maswali thelathini, kama polisi. Muulize jambo moja: huyo wa kwanza alifika kwa njia gani? Mwaka hataujua, lakini njia anaikumbuka, na njia ina tarehe yake. Reli kutoka Elisabethville ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka Bukama hadi Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928. Basi jamaa wakisema kambo alitoka Kasai akatembea kwa miguu mpaka Bukama, ndipo akapanda treni, umekwisha kupata miaka kumi ya kutafutia. Wakisema alipanda treni huko Kasai kwenyewe, ni baada ya 1928. Alifika peke yake au na mke? Karibu na mwaka huohuo wa 1928 Union Minière iliacha kutegemea watu wa miezi michache, ikaanza mikataba ya miaka mitatu na kutaka wafanyakazi wakae kambini na wake zao. Matukio mengine pia yanasaidia: mgomo wa Desemba 1941, uhuru, kujitenga kwa Katanga kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, vita vya Shaba vya 1977 na 1978. Mtoto "aliyezaliwa wakati wa Tshombe" ana tarehe ya kuzaliwa karibu kamili.

Rekodi kwa simu, kisha andika. Hapa sisi wa Lettres tuna kazi ambayo wengine hawawezi kutufanyia, na hapahapa ndipo tunapoharibu zaidi. Tumefundishwa Kiswahili sanifu, basi mkono unasahihisha wenyewe. Mzee anasema: "Kambo yangu alikuyaka na treni." Mwanafunzi anaandika: "Babu yangu alikuja kwa treni." Kile kiambishi -ka cha mwisho wa kitenzi, kinachoonyesha kwamba jambo ni la zamani, kimepotea. Na neno kambo je? Kwetu ni babu au bibi. Katika sanifu, baba wa kambo ni mume wa mama asiyekuzaa. Msomaji wa Dar es Salaam akiona "kambo" bila maelezo atamweka mtu mwingine kabisa katika ukoo wako. Andika alivyosema, neno kwa neno, halafu ueleze pembeni.

Jambo hili si geni hapa mjini. Mwaka 1965 André Yav aliandika Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, historia ya mji kama ilivyoonwa na wale waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu, kwa Kiswahili cha hapa na kwa tahajia yake mwenyewe. Johannes Fabian alipoishughulikia ili kuitoa mwaka 1990, maandishi peke yake hayakutosha. Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyoyafungua. Na hapa chuoni, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ambao Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu ni mmoja wa waliouongoza tangu mwaka 2000, ulionyesha kwamba masimulizi ya wakaaji wa kawaida yanastahili meza ya mwanahistoria. Anayemrekodi nyanya yake Katuba au Kenya hafanyi mchezo wa nyumbani.

Majina yatakusumbua kuliko kitu kingine chochote. Kwetu ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, kwa sababu kila mtoto hupewa jina la mtu. Jiji lenyewe lilibadilishwa jina mwaka 1966, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Mtu mmoja basi anaweza kuwa Albert katika daftari la ubatizo, jina lingine katika kitambulisho cha Zaïre, na jina la tatu mdomoni mwa dada zake. Mpe kila mtu ukurasa wake, uandike majina yote na mahali ulipolikuta kila moja. Jina lenyewe ni ushahidi pia: ukimkuta Mbuyi katika jamaa ya Kasai, uliza habari za Kabanga, pacha wake. Uliza polepole, maana pengine hakuishi.

Sasa karatasi. Tafuta nyumbani kwanza: kijitabu cha ndoa, kadi ya kazi, picha za ubatizo. Kwa jamaa ya Union Minière au Gécamines, kitu cha thamani ni namba ya matrikule. Wazee wengi wanaijua kwa kichwa hadi leo. Halafu parokia, kwa sababu Wabenedikto walishika shule na makanisa ya kambi nyingi, kisha ofisi ya etasivili ya komine. Sehemu kubwa ya nyaraka za Union Minière yenyewe iko Bruxelles. Lakini kumbuka karatasi za kampuni ziliandika baba na mke wake. Kwa Wabemba, Walamba na Wakaonde ukoo hupita kwa mama, na mjomba aliyekuwa na neno la mwisho huenda hayumo katika karatasi hata moja.

Kuna maswali yatakayozimwa. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hili, na ziko jamaa ambazo baba alikuwa wa upande mmoja na mama wa upande mwingine. Mzee akisema "zima hiyo", zima, na usiiandike baadaye kwa kificho. Muulize pia nani aruhusiwe kusikiliza. Jibu lake liweke ndani ya rekodi yenyewe.

Kuhusu kutunza, machache. Usipeleke picha au hati ya zamani kupigwa plastiki: moto ule haurudi nyuma, na hati ikianza kuharibika ndani huwezi tena kuitoa. Iweke katika bahasha, ndani ya sanduku la bati, mbali na mchwa na mvua. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, si kwa biki. Faili ya sauti ipe jina lenye tarehe, mahali na msemaji, na nakala yake ikae katika nyumba mbili tofauti, kwa sababu simu huibwa.

Ukimaliza kuandika, rudi kwa mzee umsomee kwa sauti yote aliyosema. Atakukatiza. Weka rekodi tena.