FEDHA YA KALE YA UCHINA: TUPAMBANUEJE ILIYO HALISI NA YA BANDIA?

Katika lugha yetu neno “fedha” lina maana mbili: madini meupe yenye thamani, na pesa tununuliazo mahitaji. Kwa Wachina wa zamani mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Kwa karne nyingi malipo makubwa, pamoja na kodi, yalitolewa kwa mikuo, yaani vipande vizito vya fedha iliyoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Desturi hiyo ilikoma mwaka 1933, serikali ya Uchina ilipofuta kipimo cha taeli na kuamuru itumike sarafu ya yuan. Mikuo mingi ikayeyushwa. Iliyosalia imekuwa adimu, na penye kitu adimu mjanja hakosi. Jamaa awezaye kupoteza akiba ya miaka kwa siku moja yampasa ajue dalili zifuatazo.

Umbo na chapa

Mkuo mashuhuri huitwa yuanbao. Una umbo la mashua, ncha zake mbili zimeinuka. Ule mkubwa ulikuwa wa taeli 50; na kwa kuwa taeli moja ilikaribia gramu 37, ingawa ilitofautiana kidogo mji kwa mji, uzito wake huwa karibu kilo 1.8 hadi 1.9.

Tazama chini na ubavuni. Fedha halisi ilipopoa ilitoa hewa, ikaacha vitundu visivyolingana, mfano wa sega la nyuki, vyenye kuta laini. Vitundu vilivyotobolewa kwa chombo hufanana mno. Kisha tazama chapa. Wafua fedha walizigonga kwa nyundo, zikataja mahali, mwaka wa utawala wa mfalme, au jina la mfuaji. Chapa iliyogongwa ina kingo kali. Iliyonakiliwa kwa kalibu huwa butu na yenye ukungu. Mikuo miwili yenye chapa na vitundu vilevile, mahali palepale, imetoka katika kalibu moja ya mdanganyifu.

Mizani na maji

Chapa yaweza kuigwa. Uzito na ujazo kwa pamoja ni vigumu kuviiga. Pima mkuo kwa mizani. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani, uandike uzito wake. Funga mkuo kwa uzi, uuzamishe wote bila kugusa bakuli. Gramu zinazoongezeka ndizo ujazo wa mkuo kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito kwa ujazo huo: fedha safi hutoa 10.5, shaba 9, risasi 11.3. Hivyo mkuo wa gramu 1,865 uongeze karibu gramu 178. Ukiongeza 210, ni shaba iliyopakwa fedha. Tofauti ndogo isikutishe, maana mkuo halisi waweza kuwa na uwazi ndani. Lakini mwenye hila aweza kuchanganya risasi na shaba ili hesabu ilingane. Basi kipimo hiki hukataa bandia nyingi, ila peke yake hakithibitishi.

Sumaku nayo ikinasa, usinunue. Hata hivyo shaba na risasi hazinaswi, kwa hiyo sumaku kutonasa si ushahidi.

Usikate, usisugue

Wako wanaokata ncha ili waone ndani, au kusugua mkuo kwa majivu ung’ae. Hao huharibu thamani ya kitu na ushahidi pia.

Funzo kwa walinzi wa usalama

Mwaka 1646 mashua za mwasi Zhang Xianzhong, zilizojaa hazina, zilizama katika mto Min, jimbo la Sichuan. Karne tatu na ushee baadaye wezi walipiga mbizi usiku na kuiba vitu hivyo. Polisi wa Uchina waliwafuatia, wakakamata makumi ya watuhumiwa na kurudisha vitu vingi. Mwaka 2017 wataalamu walichimba mahali hapo kwa utaratibu, wakapata vitu zaidi ya 10,000, baadhi yake mikuo yenye majina ya wilaya zilizolipa kodi. Kwa hiyo askari akutanaye na mkuo asiulize tu kama ni fedha. Aulize pia umetoka wapi.

Nawe mwananchi, muuzaji akikuharakisha au akikataa mkuo usipimwe kwa maji, mwache aende zake. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.