Trela Likiyumba, Ondoa Mguu

Joto la Muscat linapopanda na familia zinapoanza kupanga safari ya khareef, ule msimu wa ukungu na manyunyu, huko Salalah, swali hunijia lile lile. Mwenye Land Cruiser huuliza, mwenye Patrol huuliza, na juzi aliuliza mwenye Wrangler ya milango miwili aliyenunua karavani ya vitanda vinne: "Fundi, karavani ikianza kuchezesha mkia, nikanyage mafuta kiasi gani ili inyooke?"

Hakuna anayeuliza kama akanyage au asikanyage. Hilo wameshaliamini. Wamelipokea kwa wajomba na mabinamu, wamelisikia barazani, na kinachowasumbua sasa ni kiasi tu. Nimelijibu kwa simu, nimelijibu gereji, na leo nalijibu kwa maandishi ili atakayeuliza tena nimpe ukurasa huu asome: usikanyage kabisa. Ondoa mguu.

Hoja ya wanaokanyaga ni hii. Gari likivuta kwa nguvu, ndoano inakazika, na kinachovutwa kwa nguvu hunyooka. Kuna chembe ya ukweli hapo, na chembe hiyo ndiyo inayoua watu. Sekunde ile ya kwanza unapokanyaga, karavani huvutwa kweli, na huenda mkia ukatulia kidogo. Lakini gari lenye tani mbili mgongoni, likiwa tayari kwenye 100, halina akiba kubwa ya nguvu. Utafika 110, pengine 115, kisha mvuto wote umekwisha na huna budi kulegeza mguu. Ukilegeza, ndoano nayo inalegea, na sasa uko kwenye mwendo mkubwa kuliko ule uliokushinda mwanzo. Ukiwa kwenye mteremko ndiyo balaa zaidi, maana hapo hata ukiacha kukanyaga gari linaendelea kuongeza mwendo lenyewe.

Mwendo ndio ugonjwa wenyewe. Kila gari na trela lake vina kasi yao ya hatari. Chini ya kasi hiyo, upepo ukiipiga karavani ubavuni, mkia huyumba mara mbili tatu kisha hutulia bila msaada wa mtu. Juu yake, kila myumbo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia, hata kama upepo umeshapita na lami ni safi. Kasi hiyo hutaikuta imeandikwa kwenye dashibodi wala kwenye kitabu cha gari, kwa sababu inabadilika kila unapohamisha jenereta, kila unapojaza tangi la maji, kila unapopunguza upepo wa tairi. Safari iliyopita huenda ilikuwa 125. Leo, kwa namna mlivyopakia, inaweza kuwa 95. Mkia ukianza kukuyumbisha, umeshapewa taarifa kwamba mpaka uko karibu, na wewe unataka kuongeza mwendo?

Asiyeniamini mimi aliamini gari lake. Magari mengi mapya ya porini, Land Cruiser 300 ikiwemo, yana mfumo wa kudhibiti myumbo wa trela. Vihisi vikigundua kwamba gari linasukwa kutoka nyuma, kompyuta hupunguza nguvu ya injini na kubana breki za gurudumu hili au lile ili kuua myumbo. Wahandisi walioandika programu hizo wana viwanja vya majaribio, wana vipimo, wana miaka ya kazi hiyo hiyo. Wamechagua kupunguza mwendo. Laiti kukanyaga mafuta kungekuwa dawa, hiyo ndiyo ingekuwa rahisi kuliko zote kuiandika.

"Mbona binamu yangu alikanyaga, ikanyooka?" Ilinyooka kwa sababu lori lililompita lilikuwa limeshaondoka, au upepo ulikuwa umekatika, na alikuwa bado chini ya kasi yake ya hatari. Karavani ingetulia hata kama angekaa kimya bila kufanya lolote. Ameponea, kisha amegeuza kuponea kwake kuwa fundisho. Waliokanyaga wakapinduka hatuwasikii barazani wakisimulia.

Wapo pia wanaopigana na usukani. Mkia ukienda kulia wanakata kushoto, ukirudi wanakata kulia. Myumbo mmoja wa karavani, kwenda na kurudi, huchukua kama sekunde moja au mbili hivi. Jicho lione, akili iamue, mkono ugeuze: hapo umeshachelewa, na pale unapokata, mkia tayari unarudi. Badala ya kuuzuia unausukuma. Shika usukani kwa mikono miwili, uunyooshe, uuache hapo. Wengine hukanyaga breki kwa nguvu zote, na karavani isiyo na breki zake huja na uzito wake wote kulisukuma gari kwa nyuma, gari likajikunja ubavuni mwa trela.

Unachotakiwa kufanya kinatosha kwenye sentensi moja: mguu nje ya mafuta, usukani umenyooka, na kama una kidhibiti cha breki za trela, kile kiboksi chini ya dashibodi chenye kitufe cha kusukuma kwa kidole, zibane breki za karavani peke yake, taratibu, mpaka itulie. Hapo ndoano inakazika kwelikweli, kwa sababu karavani inavuta nyuma huku gari likienda mbele, na mwendo unashuka kwa wakati huo huo. Mvutano ule watu wanaoutafuta kwenye mafuta upo kwenye breki za trela.

Sasa tuje kwenye chanzo, maana karavani iliyopakiwa vizuri haikufikishi huko.

Wiki hizi nimekagua karavani nyingi za porini, na nyingi zimefungwa kibebeo nyuma kabisa: tairi la akiba la kilo 35 hivi, madumu mawili ya maji ya lita 20 kila moja, jenereta ndogo ya kilo 25. Jumla kilo 100. Wenyewe huniambia wamefanya hivyo makusudi, ili mkia wa gari usikae. Tufanye hesabu pamoja. Kutoka ekseli ya karavani hadi kwenye ndoano ni mita 4. Kutoka ekseli hadi kwenye kibebeo ni mita 3. Kilo 100 zikining'inia pale nyuma huinyanyua pua ya karavani kwa kilo 75. Karavani ya kilo 1,800 iliyokuwa ikiilalia ndoano kwa kilo 180 sasa ina jumla ya kilo 1,900 na inailalia kwa kilo 105 tu. Umetoka asilimia 10 ukaingia asilimia 5 na nusu, kwa mizigo unayoiita midogo. Bado hujaweka baiskeli za watoto.

Na hasara haiko kwenye pua peke yake. Mzigo ulio mbali na ekseli, uwe mbele au nyuma, ukishaanza kuzunguka ni vigumu kuusimamisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walijenga trela la majaribio ambalo waliweza kubadilisha uzito wake, mpangilio wa mzigo na mahali pa ekseli. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009: uzito peke yake haukubadili sana utulivu wa trela kwenye mwendo mkubwa. Kilichobadili ni jinsi uzito huo ulivyogawanywa. Kwa hiyo anayejisifu kwamba karavani yake ni nyepesi ilhali jenereta inaning'inia mkiani hajajilinda na chochote.

Kuhusu mkia wa gari kukaa, watu wana haki ya kulalamika, ila dawa wanayokimbilia si yenyewe. Chukua Land Cruiser yenye mita 2.85 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na ndoano iliyo mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Weka kilo 180 kwenye ndoano hiyo. Matairi ya mbele yanapoteza kilo 76 na ya nyuma yanabebeshwa kilo 256. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika juu, mbele panapungua mshiko. Fundi wa mtaani anakufungia springi ngumu au mifuko ya hewa, gari linanyanyuka, unalipa, unafurahi. Springi hizo zimenyanyua bodi tu. Zile kilo 76 hazijarudi kwenye matairi ya mbele. Ndoano ya kugawa uzito, ile yenye vyuma viwili virefu vinavyokazwa chini ya mkono wa trela, ndiyo inayorudisha sehemu ya uzito mbele, lakini si kila mtengenezaji wa gari anairuhusu, na lazima ivuliwe kabla ya kuingia kwenye njia za mawe na mabonde.

Mapambo ya porini yanaongeza tatizo. Gari lililonyanyuliwa kwa inchi tatu, likavishwa matairi marefu ya matope yenye ubavu laini, linayumba lenyewe kabla hujalifunga trela. Na kuna jambo moja ninaloliona kila msimu na linanitia hofu: familia imecheza kwenye mchanga wa Wahiba na matairi yakiwa kwenye presha 15, jioni wamefunga karavani, wameingia lami, wamesahau kujaza. Tairi la presha 15 halina ubavu wa kushikilia gari linaposukumwa kutoka nyuma, na kwa lami ya Julai linapata moto mpaka linapasuka.

Wrangler ya milango miwili? Ina mita 2.46 tu kati ya ekseli na ekseli, wakati Patrol ina zaidi ya mita 3. Kwa soko la Marekani mtengenezaji huiruhusu kuvuta kama kilo 900. Injini yake inaweza kuiburuta karavani ya vitanda vinne, hilo sibishi. Haiwezi kuishikilia. Bwana yule nimemwambia auze kimojawapo.

Haya, ya kufanya kabla ya safari, haraka haraka. Pima uzito wa ndoano: karavani ikiwa imepakiwa kila kitu, isimame sawasawa, weka mizani chini ya mkono wake, lenga karibu asilimia 10 ya uzito wote, na usivuke kikomo cha ndoano kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Pima pia gari na trela kwenye mizani ya malori. Vizito vyote viwe sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Tangi la maji ama lijae ama liwe tupu, maana maji ya nusu tangi hucheza. Tairi za gari ziwe na presha ya mzigo kamili, za karavani presha aliyoagiza mtengenezaji wake, zikipimwa asubuhi zikiwa baridi. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la miaka saba lililokaa juani uani litupe hata kama kashata zake bado ndefu. Karavani ya zaidi ya kilo 750 iwe na breki zake. Minyororo ya usalama ipite kwa kukingama chini ya ndoano. Paka beringi grisi, kaza nati za magurudumu, kisha zikaze tena baada ya kilomita 80. Mwendo usizidi 90, hata kama kibao kinasema 120.

Kutoka Muscat hadi Salalah ni kama kilomita 1,000, na kipande cha Adam hadi Thumrait ni tambarare isiyo na mti wa kukata upepo, malori yakikupita mfululizo. Lori linalokupita huisukuma karavani kwanza kisha huivuta, kwa hiyo sogea pembeni ya njia yako mapema na ulegeze mguu kabla halijakufikia. Baada ya Thumrait unateremka milima ya Qara, na msimu huo kuna ukungu na manyunyu. Weka gia ndogo kileleni, usingoje katikati ya mteremko. Wasomaji wa Iringa mnaoishuka Kitonga, na wa Nairobi mnaoteremka kwenda Mai Mahiu, gia ndogo hiyo hiyo inawahusu.

Siku moja kabla ya safari, itoe karavani na mzigo wake wote kwenye barabara iliyo wazi, upandishe mwendo polepole hadi 80, bila upepo na bila lori karibu. Ikichezesha mkia hapo, usiende nayo Salalah. Rudi nyumbani uipakue, uipange upya, uipime tena. Watoto watafika kesho yake.