Ugenini Marekani, ukimya hugharimu alama

Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayekwenda kusoma Marekani huandaliwa kwa baridi. Shangazi humtafutia koti zito mitumbani, mjomba humsisitizia soksi. Si vibaya: mjini Minneapolis, mwezi Desemba, jua huzama mnamo saa kumi na nusu jioni. Lakini baridi ina koti lake. Kinachowaangusha wengi ni darasa.

Kwetu, mwanafunzi mwenye adabu husikiliza, huandika na hamkatizi mwalimu. Kule, kozi nyingi zina alama za kuchangia mjadala, na anayekaa kimya kwa heshima huonekana hakusoma. Profesa hutenga saa za kupokea wanafunzi ofisini kila wiki. Wa kwetu hapiti hapo mpaka aitwe, maana alikotoka anayekwenda ofisini kwa mwalimu ana kesi.

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, aliyewahi kufanya utafiti Ankole, Uganda, alieleza hali hii ya kupotea ugenini, yaani mshtuko wa utamaduni, katika makala yake ya mwaka 1960. Alitaja hatua nne: kwanza fungate, kila kitu kinapendeza, halafu hasira na upweke, kisha mtu huanza kuelewa, mwishowe huzoea. Wahenga walishalijua hilo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Hatua ya pili ndiyo ya hatari. Mara nyingi hugongana na mitihani ya katikati ya muhula. Mwanafunzi hujifungia bwenini na simu, akiishi kwa saa za nyumbani: kwake usiku wa manane, Dar kumekucha na kundi la familia la WhatsApp limechangamka. Asubuhi darasa linampita. Wala hawezi kuacha masomo ovyo apumue, kwa kuwa viza ya wanafunzi, F-1, inamtaka asome kwa wakati wote muhula ukiendelea.

Kwa hiyo, mwanafunzi, usisubiri kuitwa. Wiki ya kwanza tu, nenda kwa profesa mmoja, jitambulishe, uliza swali. Ijue ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujapata shida. Nawe mzazi, ukimpigia usiishie kwenye matokeo. Muulize leo amekula na nani.