Eti sisi ni uzao wa Mirambo? Nilichokikuta Sola



Nilikuwa kimya kidogo, nilikwenda Sola kwenye msiba. Na mnajua msiba wa kwetu ukiisha, kikao cha ukoo kinaanza. Safari hii ajenda ilikuwa moja tu: shamba la mbugani liuzwe au lisiuzwe. Lakini kabla hata shamba halijatajwa ikarudi ile stori ya siku zote. Eti sisi wa nyumba ya kwanza ni uzao wa Mirambo, kwa hiyo kauli ya mwisho ni yetu. Ndugu zetu wa nyumba ya pili ni uzao wa mateka, wasikilize tu. Nimekulia kwenye maneno hayo na kiukweli sikuwahi kuyahoji. Shuleni nilitamba nayo.

Sasa baba mdogo alikuja na silaha mpya. Amesoma mtandaoni kwamba huko Ayalandi watu wamepimwa vinasaba na mamilioni wakakutwa ni wajukuu wa mfalme mmoja. Akasema na sisi tuuze ng'ombe wawili, tupime, tuwanyamazishe watu. Na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kompyuta wa familia, kazi ya kuchunguza nikapewa mimi. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Hiyo ya Ayalandi ni kweli ilitokea. Mfalme anaitwa Niall wa Mateka Tisa (ndiyo, mateka, jina lenyewe ndilo hilo, wanasema alishika watu wa koo nyingine kama dhamana ya utii). Inasemekana aliishi karne ya 4 au ya 5. Mwaka 2006 watafiti wa Trinity College, Dublin, walitangaza kwamba kaskazini-magharibi mwa Ayalandi karibu mwanaume mmoja kati ya watano ana kromosomu Y ya aina moja, na wakakadiria kuwa wenye nayo duniani wanaweza kufika milioni tatu. Wakasema huenda wote wanatoka kwa ukoo wa Niall. Magazeti yakalifuta lile "huenda", kazi imekwisha! Hata Henry Louis Gates, yule profesa mweusi wa Harvard, alipimwa akaambiwa anayo.

Kromosomu Y ni nini? Ni kipande cha vinasaba ambacho baba humpa mtoto wa kiume peke yake, karibu bila kubadilika, naye humpa mwanawe, hivyo hivyo hadi leo. Ukiwa nayo, unajua mstari wa baba, baba, baba. Mama hayumo, wala babu mzaa mama. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Ila sikilizeni mwisho wa stori ya Niall. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba alama hiyo ni ya zamani kuliko Niall mwenyewe, kwa karne kadhaa. Maana yake mtu anaweza kuwa nayo bila kuwa uzao wa Niall. Halafu wale watafiti walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna, nacho ni majina ya ukoo. O'Neill wa leo amelirithi jina kutoka kwa baba yake, aliyelipata kwa babu, karne hadi karne, kwa hiyo unaweza kulinganisha jina na damu. Kwetu mtoto anabeba jina la baba yake, mjukuu naye anabeba la baba yake, na baada ya vizazi vitatu jina la zamani limeshapotea. Ukimtafuta Mirambo kwa majina ya ukoo utatafuta mpaka uzeeke.

Haya, Mirambo mwenyewe. Huyu si wa hadithi za jioni tu, ameandikwa sana. Ntemi wa Unyamwezi aliyejenga dola yake Urambo, akapigana na Waarabu wa Tabora kuanzia 1871, akachanjiana damu na Stanley mwaka 1876. Daktari mmisionari, Ebenezer Southon, aliishi Urambo tangu 1879 hadi alipofariki 1882, akiandika aliyoyaona. Mirambo akafa Desemba 1884, na kiti kikaenda kwa ndugu yake, Mpandashalo. Nikapiga hesabu ya vizazi: mimi, baba, babu, baba wa babu, mzazi wake, halafu Mirambo. Miaka inakubali! Hapo nikafurahi, nisiwafiche.

Lakini hatua tano kwenda nyuma mtu ana wahenga 32. Hata kama Mirambo ni mmoja wao, kuna wengine 31, na hao hakuna anayewataja kwenye kikao. Tena ili maabara iseme "huyu ni wa Mirambo" inahitaji kitu cha kulinganisha nacho, yaani wanaume wa Urambo wanaojulikana bila shaka kuwa wametoka kwake baba kwa baba. Bila hao, majibu yatakwambia tu kwamba wewe ni mtu wa huku huku. Ng'ombe wawili kwa jibu hilo!

Mfano wa karibu zaidi na sisi uko pwani ya Kenya. Kisiwani Pate kuna familia zinazosema zimetokana na mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na jahazi enzi za Zheng He. Mwaka 2005, miaka 600 tangu safari yake ya kwanza, msichana wa Siyu, Mwamaka Sharifu, alipewa nafasi ya kusoma China kwa ajili ya madai hayo. Mitandaoni wapo wanaoandika kwamba ni kizazi cha Zheng He mwenyewe. Jamani, Zheng He alikuwa towashi! Aliyeacha damu, kama ipo, ni baharia asiye na jina. Mtu mashuhuri ndiye anayekumbukwa, basi kila kitu kinabandikwa kwake.

Na mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa kwenye miji ya pwani ya Waswahili. Wale wazee waliosema "sisi asili yetu Shirazi" hawakuwa waongo, maana wanaume wa Kiajemi walichanganya damu na watu wa pwani tangu karibu mwaka 1000. Ila sehemu kubwa ya damu ya watu hao, zaidi ya nusu kwa wengi wao, ilitoka Afrika, na hasa kupitia kwa wanawake. Masimulizi yaliwashika wanaume waliokuja na jahazi, yakawaacha bibi zao waliokuwepo.

Hapo ndipo akili ikanicheza. Kwenye kikao chetu wamesema wanaume tu. Na Wasukuma ndio tungepaswa kujua zaidi, kwa sababu zamani, sehemu nyingi za Usukuma, ntemi hakurithiwa na mwanawe. Alirithiwa na mtoto wa dada yake, hadi wakati wa Waingereza utaratibu ulipobadilishwa. Utemi wenyewe ulipita kwa wanawake, sisi tunaufuata kwa kromosomu Y!

Nikaenda kwa bibi, mdogo wake babu, ana miaka themanini na kitu. Alikuwa anachambua choroko. Nikamuuliza, bibi, huyo mtoto wa Mirambo alikuwa nani? Akaniangalia, akauliza, "Nani kakwambia alikuwa mwanaume?"

Alivyosimuliwa na mama yake ni hivi. Mwanamke wa hapa Sola alichukuliwa mateka na rugaruga akiwa binti. Baada ya miaka alirudi kwa miguu, na mtoto mgongoni, mtoto wa kike. Watu wakasema huyu mtoto ni wa Mirambo. Wa Mirambo maana yake nini? "Wa huko," akasema bibi. Askari walikuwa wa Mirambo, ng'ombe wa Mirambo, kila kitu wa Mirambo. Mwanamke mwenyewe hakumtaja baba wa mtoto mpaka anakufa. Yule binti alipokua akazaa mtoto wa kiume ambaye hakutolewa ng'ombe wa mahari, hivyo akahesabiwa upande wa mama yake. Huyo ndiye baba wa babu yangu.

Kwa hiyo kromosomu Y yetu sisi imetoka kwa kijana fulani asiyetoa mahari. Hata Mirambo angefufuka leo akapimwa pamoja nasi, kipimo hicho kisingesema lolote.

Nikauliza, na nyumba ya pili? Bibi akacheka kabisa. Yule mwanamke aliporudi aliolewa tena hapa hapa, akazaa wengine. Hao ndio nyumba ya pili. Mateka wanayemtukana na mama wa "mtoto wa Mirambo" ni mtu mmoja!

Nimemrekodi kwenye simu, dakika arobaini. Nilipomwekea baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akasema bibi amezeeka, anachanganya. Babu alikuwepo, hakukanusha. Alisema tu kikao kisubiri mpaka pamba iuzwe, na bibi naye aitwe. Ng'ombe bado wapo. Nyumba ya pili hawajasikia rekodi, ila na wao ni ndugu zangu, nitawapelekea kabla ya kikao.

Wadau wa Urambo na Tabora, kama kwenu kuna masimulizi ya wanawake wa Usukuma waliochukuliwa wakati ule, waliobaki au waliorudi, niandikieni hapo chini. Bibi ameomba nimsomee.