Je, Wajua? Siri ndani ya karatasi za muziki

Je, wajua kwamba karatasi za muziki za Josephine Baker zilivushwa mpakani zikiwa na siri za vita? Nyota huyu wa kumbi za burudani za Paris, mzaliwa wa Marekani, alikuwa jasusi wa Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili. Taarifa ziliandikwa kwa wino usioonekana, katikati ya nyimbo zake. Nyingine alizibana kwa pini kwenye nguo za ndani. Nani angethubutu kumpekua? Maofisa wa mpakani walitaka saini yake tu!

Jukwaa nalo hakuliacha. Tarehe 8 Aprili 1975, akiwa na miaka 68, alizindua onyesho jipya Paris. Siku nne baadaye alifariki dunia.